Makapi ya Chombo Si Makapi ya Kupepeta

Wenzetu kadhaa hawakuweza kufika siku ile nilipozungumza kuhusu makapi ya vyombo vya tanga, wakaomba maneno. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na porojo zake. Picha nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, mabaharia wenzangu, mafundi, na nyinyi mliokuja kuwasindikiza waume na wake zenu bila kujua kwamba mtasikilizishwa habari za vigurudumu jioni nzima: asanteni kwa kuja, na poleni.

Nianze na neno lenyewe. Kapi, kile kifaa chenye gurudumu ambacho kamba ya chombo hupitia: kapi moja, makapi mengi. Na makapi, sote tunajua, ni yale maganda yanayobaki kwenye ungo nafaka ikishapepetwa, yakapeperushwa na upepo bila mtu kuyalilia. Sijui nani alitufanyia utani huu wa kuviita vitu viwili jina moja. Ninachojua ni kwamba tumeuamini. Kapi likianza kulia tunalitupa, au tunalisahau. Hatulifungui. Naomba mnyanyue mikono: nani hapa amewahi kulifungua kapi la chombo chake akaangalia ndani? Moja... mbili... tatu. Asanteni. Nyinyi watatu mnaweza kulala kidogo, nitawaamsha kwenye pembe.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana kila mtu ana lake. Wako wanaosema gofia, wako wanaosema abedari, wako wanaoita kitu kizima roda. Leo nitasema kapi kwa kitu kizima, roda kwa gurudumu la ndani, mashavu kwa zile pande mbili zinazoishika roda, na pini kwa mhimili unaopita katikati. Henza ni kamba ya kutwekea tanga. Demani ni kamba ya kulivutia na kulilegezea. Basi, hayo yanatutosha.

Chombo changu kina urefu wa mita 9. Tanga lake kuu likiwa limekunjwa nalibeba begani peke yangu, halifiki kilo 20. Sasa niambieni, kwa nini kulitweka kulihitaji watu wawili na matusi? Mwaka wa kwanza nilimlaumu mshona tanga. Mwaka wa pili niliulaumu mfuo wa mlingoti, nikaupaka kila aina ya kilainishi. Mwaka wa tatu nikaulaumu umri wangu, na mwili ukakubali lawama upesi kuliko nilivyotarajia. Mwishowe nikaamua kununua winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshapima matundu ya boliti.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa maneno machache, akaniangalia nikipima. Akauliza swali moja tu: "Umepanda juu?"

Sikuwa nimepanda. Miaka 6 sikuwa nimepanda.

Nikapanda. Nikafika kileleni, nikatia kidole kwenye roda ya henza, nikaisukuma. Haikwenda. Nikaisukuma kwa bisibisi. Haikwenda. Ilikuwa ya aluminiamu, pini yake ya chuma cha pua, na baina yao kulikuwa na unga mweupe mgumu kama chokaa. Ndivyo metali hizo mbili zinavyofanyiana zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi: aluminiamu inaliwa, na unga wake unavimba na kujaza nafasi yote. Upande wa juu wa roda kamba ilikuwa imechimba bapa, na ukingo wa bapa lile ulikuwa unakata kidole. Kwa hiyo kwa misimu mitatu sikuwa natweka tanga. Nilikuwa naburuza kamba juu ya jiwe.

Na pale kileleni kamba inapanda kisha inashuka, yaani inageuka nyuzi 180. Kamba ikiburuzwa namna hiyo juu ya kitu kisichozunguka, nguvu unayoivuta huku inaweza kupungua nusu, hata zaidi ya nusu, kabla haijafika kule. Sasa ile winchi kubwa ingenisaidia nini? Ingenisaidia kuikata kamba upesi zaidi.

Ndilo jambo ninalotaka kulisema leo, nami nitalirudia mpaka mchoke. Kapi hula. Kapi zuri hula kidogo, kapi bovu hula sana, na lote hula kabla nguvu yako haijalifikia tanga. Ukiona kamba nzito, usikimbilie kuongeza nguvu. Uliza kwanza nani anakula njiani.

Tufanye hesabu kidogo. Msiogope, ni ya vidole. Una demani yenye kapi mbili, kamba inakwenda na kurudi, na kapi linalotembea linashikwa na vipande vinne vya kamba. Kwa karatasi, ukivuta kilo 10 unapata kilo 40. Lakini kamba kila inapopita kwenye roda inalipa ushuru. Tuseme roda zako ni za kawaida, pini ya chuma ndani ya tundu, na kila moja inakula asilimia 10. Kipande cha kwanza kinapata kilo 9, cha pili 8.1, cha tatu 7.3, cha nne 6.6. Jumlisha: kilo 31. Tisa zimeliwa. Ukiweka roda nzuri zenye gololi, zinazokula asilimia 3, unapata 37.

Sasa mtu anasema, mimi nitaongeza kapi, nifanye vipande sita badala ya vinne. Vizuri. Kwa roda zile zile za asilimia 10 atapata kilo 42, na karatasi ilimwahidi 60. Ameongeza roda mbili na nusu nzima ya kamba aliyokuwa nayo, na kila akitaka kulivuta tanga mita 1 anavuta mita 6 za kamba badala ya 4, zinazomrundikia miguuni. Amempita kwa kilo 5 tu yule aliyesafisha na kubadilisha roda. Nani kati yao amefanya kazi ya akili?

Na kuna upande wa pili ambao watu huusahau. Kapi linalokula wakati wa kuvuta linakula pia wakati wa kulegeza. Siku ya upepo mwanana unalegeza demani, na tanga halitoki. Linakaa pale pale, kwa sababu upepo hauna nguvu ya kulipa ushuru wa roda zote zile. Unasimama unaisukuma kamba kwa mkono kama mtu anayesukuma uzi kwenye tundu la sindano. Mmeshafanya hivyo? Naona mnacheka. Mmefanya.

Mtajuaje sasa kapi lipi linakula? Wengi hulizungusha kwa kidole, likizunguka wanasema zima. Hapana! Hapana kabisa! Roda isiyo na mzigo huzunguka hata ikiwa imeoza nusu. Kapi hupimwa likiwa limebeba.

Nina kipimo changu, nacho kiko hapa mezani. Ndoo ya maji karibu lita 10, ndoo na maji pamoja vikiwa kilo 10. Kamba inafungwa kwenye ndoo, inapanda kwenye kapi lililotundikwa, inashuka upande wa pili hadi kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Unavuta polepole mpaka ndoo inyanyuke, na unasoma mizani wakati ndoo inapanda, si ikiwa imesimama. Kapi zuri la gololi litasoma kilo 10 na kitu kidogo. Kapi la kawaida litasoma kama 11. Likisoma 13 au 14, ndugu yangu, umempata mlaji. Nilipopima makapi yote ya chombo changu kwa mara ya kwanza, lililofanya vibaya kuliko yote lilikuwa lile lililong'aa kuliko yote. Nililipenda lile kapi.

Haya. Umempata. Unafanya nini? Maji. Kabla ya kitu kingine chochote, maji matamu, ya moto. Mtanisamehe nikiwa mkali hapa, lakini kama kuna kosa linaloniudhi, ni mkono unaokwenda kwenye mafuta kabla ya kwenda kwenye maji. Kapi linalokwaruza mara nyingi halijaharibika, limejaa chumvi. Chumvi inakauka inakuwa mchanga mgumu baina ya roda na pini. Ukimimina mafuta au grisi juu yake umetengeneza dawa ya kusagia. Na kwa kapi la gololi grisi ni mbaya zaidi, inakamata vumbi na kuligandisha, mpaka gololi zinaacha kuviringika na kuanza kuburuzwa. Liloweke kwenye ndoo ya maji ya moto yenye tone la sabuni, lizungushe, badilisha maji, lizungushe tena, liache likauke, kisha lipime upya. Nimeyaona makapi yakishuka kutoka 13 hadi 11 kwa maji peke yake.

Lisiposhuka, ndipo tunafungua.

Siku niliyofungua kapi la gololi kwa mara ya kwanza nililifungua sitahani. Chombo kilikuwa gatini, bahari shwari, nikajiona mjanja. Nikafungua skrubu, nikalinyanyua shavu. Gololi zilikuwa nyeupe, za plastiki, ndogo kama punje. Zilisimama kwenye njia yao sekunde moja, kama watoto wanaomsubiri mwalimu ageuke. Kisha mashua fulani ikapita, wimbi dogo likaja. Nilisikia tik, tik, tik, tik kwenye mbao, halafu kimya. Nilipiga magoti nikaokota 9. Zilikuwa ngapi? Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Sikuzihesabu kabla. Mpaka leo sijui zilikuwa ngapi.

Kwa hiyo: fungulia ndani ya beseni, au ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, mikono yako ikiwa humo humo. Hesabu. Andika. Wakati wa kurudisha, paka njia ya gololi mafuta mazito kidogo sana ili zigande mahali pake, funga shavu, halafu osha mafuta yote kwa maji ya moto na sabuni. Na usishangae ukiona kuna nafasi imebaki. Gololi hazijazwi pomoni, zinahitaji upenyo wa kuviringika. Niliwahi kumwona mtu akiongeza moja kwa huruma, kapi likakataa kugeuka, akasema limekufa.

Ukiziona gololi zako zina bapa, au zimekuwa za manjano na zinachubuka kwa kucha, jua limezila. Badilisha zote, si zile mbovu tu, maana zilizo kubwa zaidi ndizo zitakazobeba mzigo peke yake.

Kapi la kawaida, lile la pini na tundu, lina ugonjwa mwingine. Ukishika roda na kuiyumbisha, inacheza. Ukiitoa, unakuta tundu si duara tena, ni yai. Pini nayo ina kishimo upande mmoja, upande ule ule ambao kamba imeivutia miaka yote. Hapa watu hutupa. Kwa nini? Mashavu mazima, mkono wa kuning'inizia mzima, kilichokwisha ni kipande kinachotosha kiganjani. Mkereza vyuma yeyote mwenye mashine anaweza kuipanua tundu kidogo, akaingiza bushi mpya ya bronzi, yaani kibomba kinachoizunguka pini, akakereza pini mpya ya chuma cha pua. Kama mashavu yamepigwa ribiti, tia keekee kwenye kichwa cha ribiti, isukume itoke, na mahali pake weka boliti yenye nati ya kujifunga. Siku nyingine utafungua kwa spana.

Ukitaka roda mpya ya plastiki, nisikilizeni vizuri hapa. Msiseme "plastiki yoyote". Nailoni hunywa maji. Inavimba. Roda ya nailoni iliyokerezwa ikakaa sawasawa mezani, ikishakunywa maji wiki chache inaibana pini na kugoma. Nilijifunza hilo kwa roda nne, zote nilizikereza mimi, zote zilizunguka vizuri mno siku nilipozionyesha kwa wenzangu. Tumia asetali. Ni plastiki ile ngumu yenye utelezi, mara nyingi nyeupe au nyeusi, na hainywi maji kwa kiasi cha kukusumbua. Chukua nyeusi ikiwepo, inastahimili jua zaidi.

Niingize kidogo habari za kale, kwa sababu naona watu wanadhani kapi ni kitu kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza lilihitaji makapi yapata 100,000 kila mwaka. Meli moja kubwa ya vita yenye mizinga 74 ilibeba makapi kama elfu moja. Mengi yalichongwa kwa mkono. Ndipo Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, akabuni mashine, Henry Maudslay akazitengeneza, na Samuel Bentham akazipa mahali katika bandari ya Portsmouth. Mashine 45. Kufikia mwaka 1808 zilikuwa zinatoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Wanahistoria wanapotaja mwanzo wa viwanda vinavyotoa vitu vingi vya namna moja kwa mashine, kile kiwanda cha makapi ni miongoni mwa vya kwanza kutajwa. Makapi, jamani! Si bunduki, si saa.

Na roda za makapi yale zilikuwa za nini? Za mti. Mti uitwao lignum vitae, unaotoka visiwa vya Karibi na pwani za karibu yake. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Una utomvu wake wa mafuta ndani, kwa hiyo unajilainisha wenyewe. Ninalo kapi moja la mbao nyumbani, nililipewa na mzee aliyekuwa akiyatengeneza. Mashavu yalikuwa yamekauka mpaka yameanza kupasuka. Mzee alinipa sharti moja: lisipakwe vanishi. Vanishi inakaa juu kama ngozi, ikipasuka maji yanaingia chini yake na hayatoki. Nikaliloweka kwenye mafuta ya kitani siku kadhaa, nikalifuta, nikalitundika kivulini, nikarudia mpaka likakataa kunywa. Nyufa zikajifunga zenyewe. Nikalipima kwa ndoo. Lilisoma 11 na nusu. Siwezi kuwaambia raha niliyoipata.

Haya, wale watatu waamsheni. Tunaingia kwenye pembe.

Mtu anaponiambia anataka kuboresha makapi yake, huwa namuuliza: mzigo gani unakaa juu yake? Anajibu, kamba inavutwa kilo 300, kwa hiyo kapi la kilo 500 linatosha. Je, linatosha? Inategemea kamba inageuka kiasi gani. Kamba ikipinda nyuzi 30 tu, kapi linabeba kama nusu ya mvuto wa kamba. Ikipinda nyuzi 60, linabeba sawa na mvuto wenyewe. Ikipinda nyuzi 90, mara 1.4. Ikigeuka kabisa na kurudi ilikotoka, nyuzi 180, kapi linabeba mara 2. Pande mbili za kamba zote zinalivuta upande mmoja. Kamba haijui kwamba umenunua kapi la 500.

Sikulisoma hilo kitabuni. Nilikuwa kwenye chombo cha rafiki, tunakwenda joshi, yaani tukiukaribia upepo unakotoka, upepo mkali. Demani ya tanga la mbele ilikuwa inakwenda nyuma mpaka kwenye kapi, inageuka, inarudi kwenye winchi. Nyuzi 180. Kapi lile nililiweka mimi. Nilikuwa nimesoma namba iliyoandikwa kwenye shavu, nikaridhika. Tulisikia mlio kama mlango wa chuma uliobamizwa. Kapi halikuwepo tena. Shavu lake moja lilipita sitahani na kutoboa mlango wa chumba cha ndani, na aliyekuwa amekaa kwenye njia yake alikuwa ameinuka dakika moja kabla kwenda kutafuta kofia.

Niliporudi nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Kilo 300 mara 2 ni 600. Na ile namba niliyoisoma kwenye shavu? Ilikuwa mzigo wa kuvunjika, si mzigo wa kazi. Mara nyingi mzigo wa kuvunjika ni mara 2 ya mzigo wa kazi au zaidi, na vyote viwili huandikwa kwa kilo, kwa herufi ndogo. Someni ni upi. Na msikae, wala msimruhusu mtoto akae, ndani ya ile pembe ambayo kamba inaifanya inapolizunguka kapi. Kapi likiachia, vitu vinaruka kuelekea humo humo.

Nimewahi pia kukosea kwa upande wa kutumia vizuri kupita kiasi. Baada ya kuonja utamu wa gololi nikasema, kwa nini nisiweke kila mahali? Nikaweka kwenye demani: raha tupu. Nikaweka kwenye ile kamba inayoushika mti wa chini wa tanga usinyanyuke. Baada ya msimu mmoja lile la pili likaanza kuzunguka kwa kurukaruka, kama baiskeli yenye ringi iliyopinda. Nikafungua, ndani ya beseni safari hii. Gololi zilikuwa na bapa. Kwa nini?

Kwa sababu kamba ile haitembei. Unaikaza asubuhi, inakaa pale pale saa 6 na mzigo mkubwa, gololi zile zile chache zikikandamizwa mahali pale pale. Plastiki ikikandamizwa muda mrefu inakubali umbo jipya. Gololi zinapenda mwendo. Kwa kamba inayotembea sana, inayovutwa na kulegezwa kutwa nzima, weka gololi. Kwa kamba inayosimama na mzigo, weka bushi ya kawaida, pana, nzito, isiyo na ujanja. Zipo gololi za plastiki ngumu zaidi kwa mizigo mikubwa, kama zile za Torlon, na kuna makapi yanayochanganya: mzigo mkubwa unabebwa na vijiti vifupi vinavyoviringika au bushi, gololi zinashika ubavuni tu. Lakini uliza kwanza: kamba hii inatembea, au inasimama?

Wazo la gololi za plastiki lenyewe si la zamani sana. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo Peter Harken na nduguye Olaf, huko Wisconsin, Marekani, walipoanza kuuza makapi yenye gololi za plastiki mahali pa zile za chuma. Ni nyepesi, hazipati kutu, hazihitaji grisi. Na sasa kuna watu wanaondoa roda kabisa, wanaweka pete ya aluminiamu iliyolainishwa, kamba inapita kwenye tundu tu, pete imefungwa kwa pingu ya kamba ya Dyneema, ile nyepesi yenye nguvu sana. Vijana wananiambia ni teknolojia mpya. Mabaharia wa zamani walipitisha kamba kwenye pete za lignum vitae vivyo hivyo! Pete ni nzuri, haina kitu cha kuvunjika ndani. Lakini haizunguki, inasugua. Iweke pale kamba inapopinda kidogo. Kamba ikigeuka nyuzi 180 juu ya pete, umerudi kwenye jiwe langu la kileleni.

Jambo dogo, na ni kwa wale waliobadilisha henza ya waya wakaweka ya kamba. Je, mlibadilisha na roda? Roda ya waya ina mfuo mwembamba wenye umbo la V, na waya umeuacha na meno. Kamba mpya laini ikipita pale inaliwa kama mkate. Roda ya kamba ina mfuo wa mviringo na ni pana zaidi. Kama huwezi kupanda, pitisha uzi mwembamba uliofungwa kwenye ncha ya henza, ivute ishuke, uiangalie sehemu inayokaa kileleni. Nyuzi zikiwa zimesimama manyoya, roda imekwisha kukujibu. Usiuachie tu ule uzi ukapotelea mlingotini, nami nitanyamaza kuhusu jinsi nilivyojua.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Mwaliko ulisema kila mtu aje na kapi moja kutoka chomboni mwake. Naona wengine mmekuja nayo mfukoni, na yule mama pale nyuma amekuja na matano, Mungu ambariki. Ndoo iko hapa, mizani iko hapa, beseni liko hapa, maji ya moto yanakuja. Atakayesoma zaidi ya 13 analifungua mbele yetu. Kabla ya kuinua shavu atatuambia kwa sauti gololi anazotarajia kuona ni ngapi, halafu tutazihesabu.

Mama, tuanze na lile linalolia.